Chepe Tatu kwa Moja

Makaa ya mawe hayafanani, usidanganywe na weusi.
Haya ya Mbinga, aliyoyaleta Ndunguru
siku tatu njiani chini ya turubai lililochanika,
yanang'aa kama mtoto aliyetoka kupakwa mafuta.
Ukiyagonga yanalia kama kikombe.
Yale ya rundo la pili, ya bei nafuu,
sijui hata yalichimbwa wapi; stakabadhi imelowa.
Mepesi, vumbi tupu, yananuka yai viza,
na ukiyafinya yanakuachia udongo kiganjani.

Nayachanganya usiku, nyuma ya kiwanda cha mablanketi,
upande wa reli.
Mji unaitwa Moshi, nami nalipwa
ili moshi usionekane.
Nimeshacheka peke yangu vya kutosha.

Chepe tatu za Mbinga, chepe moja ya yale mengine,
na karai la maganda ya kahawa
ya kuamshia moto.
Ndivyo alivyoandika ukutani kwa chokaa
Namsifu wa maabara, binti wa Kipare
mwenye mizani ndogo kama ya muuza dhahabu.
Huchoma kijiko kimoja cha makaa,
kisha anapima kilichobaki:
majivu kiasi hiki, unyevu kiasi hiki, salfa.
"Boila haina ulimi, Mangi," aliniambia.
"Itakula chochote.
Halafu itaumwa."

Mama yangu alipika mbege Kibosho miaka thelathini
na hakuwahi kumiliki mizani.
Ndizi zilizoiva hadi kulegea, ulezi uliooteshwa,
msesewa kidogo kwa uchungu wake;
alionja kwa ncha ya kidole, akatema, akaongeza.
Haya yangu ataonja nani?
Natazama rangi. Moto wa chungwa, mvivu: unyevu.
Moto mweupe unaochoma macho: nimezidisha Mbinga,
na wavu wa chuma utapinda kabla ya Pasaka.
Nautafuta ule wa kati, rangi ya papai bivu,
unaopumua bila kukohoa.

Machi mvua ilishuka mlimani siku tisa.
Lori la Ndunguru likavunjika ekseli Hedaru.
Msimamizi Teveli akapita na mwavuli wake:
geuza, moja kwa tatu, tuone.
Sikusema hapana.
Naliandika hapa
kwa sababu kwenye daftari la zamu halimo.

Saa tisa usiku sindano ya geji ikaanza kushuka.
Kumi. Nane.
Sita.
Kule ndani mitambo ya rangi ikasimama,
blanketi moja nusu nyekundu, nusu halijawa kitu.
Nikafungua mlango wa tanuru: majivu yameyeyuka,
yameganda juu ya wavu, bamba zima,
kama ukoko chini ya sufuria ya pilau,
ila ukoko huu una uzito wa ndama.
Tuliuvunja kwa mtaimbo, mimi na Eliapenda,
kwa kupokezana, mapigo kumi kumi,
nyusi zetu zikinuka.
Kulipokucha Eliapenda aliketi juu ya ndoo,
akatazama viganja vyake muda mrefu.
"Mwavuli," akasema, "haujafika huku."

Kipande kimoja nilikichukua hadi nyumbani, Pasua.
Kinazuia mlango usibamizwe na upepo.
Kina zambarau na kijani, kama shingo ya njiwa,
kina vitobo, na ndani ya kitobo kimoja
chembe ya Mbinga ambayo haikuungua.
Mwanangu akauliza kama ni jiwe la mlimani,
la zamani zile mlima ulipokuwa na moto.
Nikasema ndiyo.
Usiku nilitaka kumwamsha nimwambie kweli,
lakini zamu ilikuwa imefika.

Namsifu ameandika upya ukutani,
safari hii kwa rangi ya mafuta: TATU KWA MOJA.
Hakuniuliza kitu. Alinyoosha herufi tu kwa kidole
pale rangi ilipochuruzika.
Sasa Ndunguru yuko getini, anapiga honi.
Turubai ni jipya.
Nimevaa glavu moja;
nyingine iliungua.